Shajara ya mradi: rangi ya gari jipya mbele ya chumvi, jua na kunguru wa Kigamboni

Novemba, wiki ya kwanza: hali ya gari lilipofika

Gari limechukuliwa kwa muuzaji likiwa halijatembea zaidi ya safari ya kutoka bandarini hadi yadini. Rangi yake ni bluu iliyokoza yenye chengachenga za metali, na litakuwa likilala Kigamboni katika uwanja ulio wazi, mahali ambapo upepo wa bahari hufika bila kizuizi chochote. Lengo la mradi ni kuifikisha rangi hii katika mwaka wake wa kumi ikiwa bado ni ile ya kiwandani, kwa vifaa ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata Kariakoo au kuviagiza, na kwa kazi ya mikono inayofanyika nyumbani. Nitaandika kila hatua pamoja na sababu yake, kwa kuwa ushauri mwingi unaotolewa kuhusu nta huanzia kwenye kopo la nta, ilhali mambo yanayoamua maisha ya rangi hutokea kabla kopo halijafunguliwa.

Inafaa kueleza kwanza ni kitu gani kinacholindwa. Bodi la gari la kisasa huanza kwa kuoshwa na kupewa dawa ya fosfeti, kisha huzamishwa zima katika tangi la rangi ya msingi ambamo umeme hupitishwa ili rangi hiyo ishike hadi kwenye pembe na mikunjo ambayo bomba la kupulizia lisingeweza kuifikia. Tabaka hilo ndilo kinga kuu dhidi ya kutu. Juu yake hupulizwa praima, kisha rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, na mwisho hupulizwa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Klia ndiyo inayobeba mng'ao, ndiyo yenye kemikali za kuzuia mionzi ya jua, na ndiyo inayopokea kila kinachoanguka juu ya gari. Kwa kawaida unene wake ni kati ya maikroni 35 na 50, na maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Ukijumlisha matabaka yote kutoka kwenye bati hadi juu, magari mengi huwa na maikroni 100 hadi 150, yaani unene unaokaribiana na wa karatasi moja ya kuandikia au kuuzidi kidogo.

Hicho ndicho kiasi chote kilichopo, na hakuna nta inayokiongeza. Kila mkwaruzo unaoondolewa kwa polishi huondolewa kwa kupunguza klia yenyewe mpaka uso ushuke usawa wa chini ya mkwaruzo, na klia ikipungua sana, kinga yake dhidi ya jua hupungua pamoja nayo. Magari tunayoyaona barabarani yenye paa na boneti zilizopauka na kubambuka kama magamba yamefikia mwisho wa njia hiyo, ama kwa jua peke yake, ama kwa jua likisaidiwa na polishi za kila msimu.

Novemba, wiki hiyo hiyo: kupima unene

Kabla ya kugusa chochote niliazima kipima-unene cha rangi. Kifaa hiki hutumia sumaku kwenye bati la chuma na mkondo wa umeme kwenye alumini, na hakiumizi rangi hata kidogo. Nilipima kila paneli sehemu kadhaa. Paa, boneti, milango yote minne na ubavu wa kulia wa nyuma vilisoma kati ya 105 na 130, usomaji wa kawaida kabisa kwa gari la kiwandani. Ubavu wa kushoto wa nyuma ulisoma 230 na zaidi, na karibu na kifuniko cha mafuta ulifika 260.

Tofauti ya namna hiyo ina maelezo mamoja tu ya kuaminika, nayo ni kwamba paneli ilipigwa rangi upya. Nilirudi kwa muuzaji nikiwa na orodha ya vipimo, naye alikubali kwamba gari lilikwaruzwa wakati wa kushushwa melini na likatengenezwa kabla ya kukabidhiwa. Suala la fidia limeshughulikiwa kwa njia yake na halihusu shajara hii. Linalohusu hapa ni kwamba sasa gari lina rangi za aina mbili, na kila moja ina masharti yake.

Rangi ya kiwandani hupikwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 130 hadi 150 hivi za Selsiasi, kwa hiyo gari linapotoka kiwandani rangi yake imeshakauka na kukomaa. Mtu anaweza kulipaka nta siku ya kwanza. Rangi ya gereji hukaushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi, kwa kuwa gari limeshafungwa plastiki, nyaya na mipira isiyostahimili zaidi ya hapo, na mara nyingi hapa kwetu hukaushwa kwa hewa tu. Viyeyusho huendelea kutoka ndani yake kwa wiki nyingi. Nilikwenda mtaa wa Gerezani kumwona fundi rangi mmoja mzee ninayemwamini. Baada ya shikamoo aliinama, akainusa ile paneli, akaipitisha ncha ya kidole karibu na mpira wa dirisha ambako ukingo wa rangi mpya huonekana.

“Hapa pamepigwa juzi tu, mwanangu,” alisema. “Tina bado inatoka. Ukiifunika sasa kwa nta, utaifungia ndani, halafu utashangaa mbona rangi haikomai. Iache ipumue, ioshe kwa maji na shampuu tu, miezi mitatu uje tuitazame.”

Watengenezaji wengi wa rangi za gereji hutaja muda kati ya siku 30 na 90, kutegemea aina ya rangi na hali ya hewa. Nimechagua ule mrefu. Kwa hiyo mradi utakwenda kwa mwendo wa aina mbili: gari lote kwa upande mmoja, na ubavu wa kushoto wa nyuma peke yake kwa upande mwingine.

Novemba, wiki ya pili: maji

Sikutarajia kwamba maji yangechukua nafasi kubwa kiasi hiki, lakini kwa mtu anayeishi ufukweni mwa Dar es Salaam hili ndilo jambo la kwanza. Visima vingi vifupi vya upande huu vina maji ya chumvichumvi, na hata pale ambapo ulimi hauhisi chumvi, kuna kalsiamu na magnesiamu za kutosha kuacha duara jeupe kila tone linapokauka. Nilipima maji ya kisima cha nyumbani kwa kifaa kidogo cha kupima madini yaliyoyeyuka, nikapata zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki, baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, yalisoma chini ya 30.

Madini hayo yakikauka juu ya klia yenye joto hushika kwa nguvu, na yakirudiwa mara kwa mara bila kuondolewa huacha alama ambayo haitoki kwa kuosha. Mtu anayeosha gari kila asubuhi kwa maji ya kisima na kuliacha likauke juani analiharibu kwa bidii kubwa, na nta anayoipaka juu ya hapo inafunika madoa yaliyokwisha kushika. Doa likiwa bado changa, siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ya kiasi sawa huliyeyusha: kitambaa kilicholowa huwekwa juu ya doa kwa dakika moja au mbili kivulini, kisha sehemu hiyo husuuzwa kwa maji mengi.

Utaratibu niliouweka ni huu. Maji ya kisima yanatumika kwa kusukuma tope na mchanga wa mwanzo tu, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji maji mengi. Maji ya shampuu na ya kusuuzia mwisho yanatoka kwenye simtanki la mvua, na vuli ya mwaka huu imelijaza. Hakuna tone linaloachwa likauke lenyewe.

Novemba, wiki ya pili: kuosha kwa mara ya kwanza

Mikwaruzo mingi ya magari haitokani na ajali. Inatokana na kuoshwa. Ukimulika boneti ya gari lolote jeusi au la bluu kwa tochi kali, au ukilitazama jua likiakisi juu yake, utaona mistari myembamba iliyozunguka mwanga kama utando. Kila mstari ni njia ya chembe moja ya mchanga iliyoburutwa na kitambaa. Gari hili lilikuwa nayo tayari kwenye boneti na mlango wa dereva siku ya kukabidhiwa, ishara kwamba yadini lilipanguswa vumbi kwa kitambaa kikavu ili lipendeze machoni pa mteja.

Ninatumia ndoo mbili, na kila moja ina kichujio cha plastiki chini kinachozuia mchanga uliotuama usipande tena. Ndoo ya kwanza ina shampuu ya magari isiyo na asidi wala magadi makali. Ya pili ina maji matupu. Glavu ya kuoshea, yenye nyuzi ndefu za mikrofaiba, inachovywa kwenye shampuu, inapitishwa kwenye paneli moja kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, kisha inasuuzwa kwenye ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye ya kwanza. Kazi inaanzia paani na kushuka. Sehemu ya chini ya milango na bampa la nyuma, ambako mchanga wa barabara hukusanyika, zina glavu yao ambayo haigusi juu kamwe. Magurudumu yanaoshwa mwanzo kabisa, kwa maji na burashi zake, kwa kuwa uchafu wake una chembe za chuma kutoka kwenye breki.

Sabuni ya unga ya kufulia haina nafasi hapa. Imetengenezwa ili ing'oe mafuta kwenye nguo, na ndivyo inavyofanya kwa nta: gari linalooshwa kwa sabuni hiyo kila Jumamosi hupoteza nta yake mapema, hata kama lilipakwa iliyo bora kuliko zote. Inachakaza pia mipira ya milango na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi. Dodoki nalo linafaa kwa mwili wa binadamu, halifai kwa klia.

Kukausha ni kwa taulo kubwa la mikrofaiba lililotandazwa juu ya paneli na kuvutwa polepole, au kukandwa tu mahali penye maji. Mataulo haya yanafuliwa peke yake, kwa maji ya uvuguvugu, bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo hupaka nyuzi na kuzifanya zisukume maji badala ya kuyanywa. Taulo lililoanguka chini halirudi kwenye gari siku hiyo.

Novemba, wiki ya tatu: chuma na udongo

Baada ya kuosha, rangi ilikuwa safi machoni, lakini nilipovaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kuupitisha juu ya boneti nilihisi vipele vidogo kama vya mchanga. Mfuko huondoa msuguano wa ngozi na kufanya vidole vihisi kile ambacho mkono mtupu haukihisi. Gari jipya huwa nacho kwa sababu limesafiri: limesimama kwenye yadi za kiwanda na bandari, limepita karibu na reli na mitambo, na chembe za chuma zilizoruka hewani zimetua juu yake, zikajichimbia kwenye klia na kuanza kufanya kutu pale pale. Kwenye magari meupe huonekana kama nukta za rangi ya chungwa. Kwenye bluu hazionekani, ila zipo.

Nilipuliza dawa ya kuondoa chuma juu ya gari lote likiwa baridi na kivulini, isipokuwa ile paneli iliyopigwa rangi upya. Dawa hii ina kemikali ya salfa inayoshikana na chuma na kugeuka zambarau, kwa hiyo mtu anaona kwa macho yake kazi inavyofanyika. Magurudumu yalitiririsha zambarau iliyokoza. Paa na boneti zilikuwa na nukta nyingi zilizotawanyika. Milango ilikuwa nazo chache. Harufu yake ni kali na mbaya, na inafaa kuvaa glavu. Haipaswi kuachwa ikauke, kwa hiyo niliisuuza kabla ya dakika tano kupita.

Kisha ukafuata udongo wa kusafishia rangi, ambao ni kipande laini kinachonyoosheka mithili ya unga wa chapati na hushika kilichobaki juu ya klia kinapoteleza. Sharti lake ni utelezi: sehemu ndogo hulowanishwa kwa maji ya shampuu, kipande hupitishwa bila nguvu mpaka sauti ya mkwaruzo inapotea, kisha hukunjwa ili uso safi uje juu. Kikianguka chini kinatupwa, maana mchanga ulioingia hautoki. Boneti ilipokuwa tayari, mfuko wa plastiki uliteleza juu yake bila kukwama popote.

Juu ya mistari ya boneti na mlango wa dereva nimefanya uamuzi wa kujizuia. Mashine ya polishi ingeifuta yote kwa saa chache, lakini ingechukua maikroni kadhaa za klia ambazo gari litazihitaji miaka ijayo. Nilitumia polishi laini kuliko zote kwa mkono na sponji, kwenye sehemu hizo mbili tu, nikapunguza mistari iliyo myepesi na kuiacha ile ya ndani. Inaonekana kwa tochi. Haionekani kwa mtu anayepita njiani, na ninakubali kuishi nayo.

Novemba, wiki ya nne: nta mbili juu ya boneti moja

Sasa ndipo kopo likafunguliwa. Maduka huuza aina mbili kuu kwa mtu anayefanya kazi kwa mkono: nta ya karnauba na kinga ya kutengenezwa maabara, inayoitwa silanti. Nilitaka kujua ipi inastahimili mahali hapa hasa, kwa hiyo niligawa boneti katikati kwa utepe wa karatasi, nikapaka kushoto karnauba na kulia silanti.

Karnauba hutoka kwenye mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, katika majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte. Majani ya mti huo hujipaka nta ili yasipoteze maji wakati wa kiangazi. Wakulima huyakata, huyaanika juani na kuyapiga mpaka unga wa nta udondoke, kisha huuyeyusha. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, joto kubwa kuliko la nta nyingine za asili. Nta yetu ya nyuki, ile inayotoka Tabora, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Nililipima joto la boneti kwa kipimajoto cha mwanga saa saba mchana, likavuka nyuzi 70. Kwa jua hilo nta ya nyuki peke yake ingelainika na kukamata vumbi. Lakini karnauba tupu ni ngumu kama jiwe na haipakiki, kwa hiyo kila kopo lina mafuta, viyeyusho na nta laini zaidi ndani yake, na mchanganyiko huo haustahimili joto ambalo karnauba tupu ingelistahimili. Tangazo la kopo linaweza kusema linalotaka kuhusu usafi wa nta yake. Kama inapakika kwa sponji, imechanganywa.

Silanti ni polima zinazoshikana na klia na kati yao zenyewe. Haina ule mng'ao wa kina ambao wapenzi wa karnauba huusifia, na wanausifia kwa haki, maana nimeuona kwa macho upande wa kushoto. Faida yake ni muda.

Upakaji ni kazi ya asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha bati, na gari likiwa kavu hadi kwenye mifereji ya milango. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: sponji inaguswa kwenye nta, haichotewi. Tabaka linalobaki baada ya kufuta halifiki hata maikroni 1, kwa hiyo kinachopakwa kingi kinaishia kwenye taulo. Unyevu wa Dar es Salaam hurefusha muda wa kukauka unaoandikwa kwenye kopo, na namna ya kujua ni kupitisha kidole: kikiacha njia safi, nta iko tayari kufutwa, kikiburuta na kuacha ukungu, bado. Nilifuta kwa taulo moja, nikageuza, nikapitisha la pili. Silanti iliachwa kwa usiku mzima bila kuguswa na maji, kama maelezo yake yanavyotaka, na gari lililala chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo, lisiloligusa.

Paa, milango, buti na mabampa yalipata silanti. Ubavu wa kushoto wa nyuma haukupata kitu.

Desemba: kunguru na mkungu

Katika uwanja kuna mkungu mkubwa, na mtu yeyote wa pwani anajua thamani ya kivuli chake. Tatizo ni kwamba kunguru wanaijua pia. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa; waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka, kisha wakavuka hadi bara, na leo Dar es Salaam nzima ni yao. Kinyesi chao kina asidi, na mara nyingi kina pia chembe ngumu za walichokula. Kikianguka asubuhi, jua la mchana huipasha klia ikalainika na kutanuka, na kinyesi hukauka juu yake kikawa kigumu. Jioni klia inaposinyaa hujikunja kufuata umbo la kile kilichoishikilia. Alama inayobaki hapo imo ndani ya klia, wala haioshwi.

Kwa hiyo muda kati ya kuanguka na kuondolewa ni muhimu kuliko aina ya nta. Nta inasaidia kwa kuzuia asidi isiguse klia mara moja, lakini kwa jua letu msaada huo ni wa saa chache, si wa siku nzima. Mtu aliyepo nyumbani mchana ni mzee wetu wa getini, ambaye kwa wema wake alikuwa ameanza kulipangusa gari kila asubuhi kwa fulana kavu. Nilikaa naye, nikamwonyesha ile mistari kwa tochi.

“Kumbe ni mimi ninayechora hivi?” aliuliza.

“Si wewe, Mzee, lilikuja nayo. Lakini kitambaa kikavu ndicho kinachofanya hivyo. Vumbi liache hapo hapo mpaka tuoshe. Kazi ninayokuomba ni moja: ukiona kinyesi cha ndege, puliza maji ya chupa hii, weka kitambaa kilicholowa juu yake kikae, kisha kinyanyue. Usisugue.”

Chupa ina maji ya mvua na shampuu kidogo. Tangu siku hiyo hakuna kinyesi kilichokaa juu ya gari hadi mchana kwa siku alizokuwapo zamu, na jambo hilo limefanya kazi kubwa kuliko kopo lolote katika shajara hii.

Mkungu wenyewe una lawama yake. Majani na matunda yanayooza juu ya gari lililolowa huacha madoa ya kahawia, na niliona moja likianza kwenye paa baada ya mvua ya usiku. Mwishoni mwa mwezi nilisimamisha nguzo nne za miti upande wa pili wa uwanja, nikatandika juu yake neti ya kivuli ile wanayotumia wakulima wa mbogamboga. Haizuii mvua, lakini inapunguza jua kwa zaidi ya nusu na kunguru hawapendi kutua juu yake. Sikununua kifuniko cha nguo cha kulivalisha gari, kwa kuwa kifuniko hicho, kikiwekwa juu ya vumbi na kutikiswa na upepo, ni msasa unaofanya kazi usiku kucha.

Januari na Februari: kaskazi inapovuma

Miezi hii upepo wa kaskazi huleta ukungu wa chumvi usioonekana. Ukipitisha kidole kwenye kioo asubuhi utauhisi. Gari hupanda pantoni pia mara kwa mara kuelekea Magogoni, na wimbi likipiga ubavuni, matone hufika hadi kwenye milango. Chumvi haili klia iliyo nzima kwa haraka. Hatari yake ni kwamba hunyonya unyevu wa hewani na kuingia pale ambapo rangi imechubuliwa na kokoto, kwenye maungio ya milango na chini ya gari. Nta ya juu haina msaada wowote kwa chini, na mwenye gari anayeng'arisha boneti huku akiliacha sakafu ya gari bila kuoshwa analinda kisichokuwa kwenye hatari kubwa. Kila baada ya pantoni, chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu panasukumwa maji mengi. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ndilo njia yangu ya kwanza sasa pale foleni inaporuhusu.

Matokeo ya boneti ni haya. Upande wa kushoto, wenye karnauba, ulikuwa na matone ya duara yaliyosimama vizuri hadi karibu na Krismasi. Mwanzoni mwa Januari maji yalianza kulala, yaani kutandaa bila kujikusanya kuwa matone. Hilo peke yake halithibitishi kwamba nta imekwisha, kwa sababu chumvi na madini vikitanda juu ya nta hai huyafanya maji yalale vile vile. Nilisafisha pande zote mbili kwa siki iliyozimuliwa, nikasuuza, nikamwaga tena maji ya mvua. Upande wa kulia matone yalirudi kama mwanzo. Upande wa kushoto hayakurudi. Mwisho wa Februari silanti bado inafukuza maji, ingawa polepole kuliko Novemba.

Kwa hali ya hapa, basi, karnauba inahitaji kurudiwa karibu kila mwezi, na silanti inafika angalau miezi mitatu. Mwenye muda na mapenzi ya mng'ao anaweza kuipaka karnauba juu ya silanti kwa siku za sherehe. Kwa kinga ya mwaka mzima nimebaki na silanti, na upande wa kushoto wa boneti umeshapata yake.

Nilifikiria pia kinga ya kauri, ile ya silika inayogandishwa juu ya klia na hudumu miaka. Ni kitu cha kweli na kina nguvu, lakini hutaka chumba kisicho na vumbi, uso uliokwisha kupigwa polishi barabara, na ikikosewa huondolewa kwa polishi tu, yaani kwa kupunguza klia. Ile namba ya 9H inayotangazwa ni ya kipimo cha ugumu wa penseli, na haina maana kwamba mchanga hautakwaruza. Maji ya madini huacha madoa juu ya kauri pia. Katika uwanja wa wazi wa Kigamboni, kwa mikono yangu, si chaguo la mradi huu.

Machi: paneli iliyosubiri

Muda aliousema fundi umetimia na kupita. Nilirudi Gerezani, akaibonyeza rangi kwa ukucha mahali pa siri ndani ya ukingo wa mlango wa mafuta, akainusa tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyumbani niliiosha paneli, nikaipitisha udongo kwa utelezi mwingi, kisha silanti, tabaka moja jembamba, na la pili siku iliyofuata. Kwa mwanga wa pembeni klia yake ina vipele kama ganda la chungwa kuliko paneli jirani, na bluu yake ni tofauti kidogo jua linapokuwa chini. Kuna unene wa kutosha wa kuisawazisha kwa msasa laini na mashine, lakini nimeamua kuiacha ipite masika kwanza, kwa kuwa rangi ya gereji huendelea kusinyaa na kusawazisha mapema ni kufanya kazi mara mbili.

Aprili: masika

Mvua imeanza, simtanki limejaa, na gari zima limepata tabaka jipya la silanti kabla ya mvua kubwa. Nimepima tena unene kwenye boneti na mlango wa dereva; usomaji haujashuka kwa kiasi ambacho kifaa kinaweza kukiona. Kazi ya kila wiki sasa ni kuosha kwa ndoo mbili, kusukuma maji chini ya gari, na kukagua kingo za mbele za boneti kwa alama za kokoto, ambazo hujazwa rangi ya chupa ndogo kabla kutu haijapata nafasi. Ubavu wa kushoto wa nyuma utapimwa na kumulikwa upya mwezi Julai, kusi ikiwa imekausha hewa, na hapo ndipo msasa utakapoamuliwa.